Mtoto Mzima Anayerudi na Virusi Kutoka Kituoni

Wazazi, walezi na wafanyakazi wa vituo vya kulelea watoto, asanteni kwa kuja.

Tukiulizwa ni mtoto gani huleta ugonjwa nyumbani, wengi tutamtaja mwenye makamasi na kikohozi. Leo nataka tumtazame yule mzima, anayekula na kucheza vizuri, maana hakuna anayejihadhari naye.

Chukueni homa ya ini aina A. Watoto wa chini ya miaka 6 wakiambukizwa, takriban 70 kati ya 100 hawaonyeshi dalili, ilhali kinyesi chao kina virusi tele. Mzazi anabadilisha nepi, ananawa juujuu, kisha anaingia jikoni. Siku 15 hadi 50 baadaye, kwa kawaida kama 28, macho yanageuka manjano na nguvu zinamwisha kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mara nyingi kituo hujua kina mlipuko baada ya mtu mzima kuugua. Mzazi akithibitika kuwa na ugonjwa huu, atoe taarifa kituoni siku hiyo hiyo, tafadhali. Chanjo ikitolewa ndani ya wiki 2 tangu mtu akutane na virusi, bado inaweza kumkinga.

Norovirusi, vinavyoleta kutapika na kuhara, huchukua saa 12 hadi 48 tu kabla dalili kuanza, na vichache mno vyatosha kumwangusha mtu. Hapa tunakosea sana. Wengi hutegemea kitakasa mikono, lakini alkoholi huvunja utando wa mafuta, na norovirusi hawana utando huo. Dawa yake ni sabuni na maji yanayotiririka, mikono ikisuguliwa sekunde 20, hata chini ya kucha. Kosa lingine ni kumwaga klorini juu ya matapishi: uchafu huimaliza nguvu kabla haijafikia virusi. Vaa glavu, funika matapishi kwa karatasi, yazoe, osha sakafu kwa sabuni, ndipo upake klorini. Kwa dawa ya kufulia yenye klorini ya 5%, weka mililita 20 kwenye maji yanayotosha kufanya lita 1. Palipochafuka sana, weka mililita 100. Pabaki pabichi angalau dakika 5. Changanya mpya kila siku, fungua madirisha, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Mtoto akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho. Hata akirudi, kinyesi chake kinaweza kuwa na virusi kwa wiki 2 au zaidi, hivyo umakini kwenye nepi usilegezwe.

Kwa wajawazito, kuna saitomegalovirusi. Mtoto mdogo anaweza kuvitoa kwenye mate na mkojo kwa miezi, hata miaka, bila kuugua. Vikimfikia mtoto aliye tumboni vinaweza kumharibia usikivu. Chanjo bado hakuna. Si lazima umwachishe mtoto kituo. Usimalizie chakula alichobakisha, usitumie kijiko chake, usilambe chuchu yake ya plastiki ili kuisafisha. Mbusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni, na nawa kila umfutapo makamasi au kumbadilisha nepi. Mjamzito anayehudumia watoto wa chini ya miaka 3 kituoni azingatie hayo hayo kazini.