Mwakilishi Wadi Anapoutaka Ubunge

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kuitika mwito.

Nimekuja na kifungu kimoja cha Katiba yetu ya Kenya ya 2010, cha 99(2)(d). Kinasema aliye mwanachama wa bunge la kaunti hastahili kuchaguliwa kuwa mbunge. Lakini ukifungua Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 43, unakuta afisa wa umma anatakiwa ajiuzulu miezi sita kabla ya kura, kisha wabunge, magavana na hawa hawa MCA, yaani wawakilishi wadi katika bunge la kaunti, wanaachiliwa. Kwa uchaguzi wa 9 Agosti 2022, siku ya mwisho ilikuwa 9 Februari. Mwalimu aliyetaka kiti aliandika barua, mshahara ukakatika. MCA naye, Katiba inamzuia, sheria inamwachilia. Si ajabu ubishi huu ulifika mahakamani.

Tumeona wabunge na maseneta wakiwania ugavana bila kuachia viti. Kwa nini mlango uwe mwembamba kwa MCA peke yake?

Mimi linaloniuma zaidi ni wadi. Uchaguzi wetu ni Agosti. Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla mwaka wa fedha haujaisha 30 Juni. Kwa hiyo MCA akimwandikia spika barua ya kujiuzulu ndipo apeleke karatasi zake za uteuzi kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kiti kinabaki wazi wakati ule ule pesa zinapogawanywa. Nani atasimama pale bunge la kaunti aseme zahanati yetu haina dawa, au darasa la chekechea limeachwa nje ya makadirio? Mwanasiasa ameenda kutafuta kura. Anayeadhibiwa ni mama anayengoja dawa.

Mtu ataniuliza, je, akitumia basari ya wadi kujipigia debe? Swali zuri. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imeshapiga marufuku kutumia mali ya umma kwenye kampeni. Ashtakiwe kwa hiyo.

Naomba kipengele hiki cha 99(2)(d) kiondolewe, tena waziwazi, tusiachie majaji kila uchaguzi. Kukiondoa kunahitaji kura za thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya maseneta wote. Wabunge hao ndio MCA anayevuma atakaokutana nao debeni, kwa hivyo hawataharakisha. Mbunge wenu akija kuomba kura, mwulizeni hadharani atapigaje kura yake juu ya kifungu hiki.