Khanga ya kambani na maharage ya Kibo

Haya jamani, wa huko nyuma mnanisikia? Sawa. Tuanze na nguo. Umefua khanga saa mbili asubuhi ukaianika, saa sita imekauka, maji yameenda wapi? Yamegeuka mvuke. Je, yalichemka? Thubutu! Yangechemka ungeianua kwa koleo.

Huo ndo uvukizaji, unatokea juu juu tu, kwenye uso wa maji, na hausubiri nyuzi 100, hata maji baridi yanavukiza. Chembe za maji haziendi spidi moja, zile zenye mbio zinachoropoka zinaingia hewani, zinabaki zile za polepole, ndo maana maji yanayobaki yanapoa. Bibi zetu walilijua hilo bila darasa, mtungi wa udongo unatoa jasho, lile jasho likikauka linaondoka na joto na maji ya ndani yanakuwa baridi safi. Ndoo ya plastiki haiwezi kazi hiyo, haina vitundu.

Sasa njoo jikoni, chungulia sufuria. Vile vipovu vidogo vya mwanzo vinavyong'ang'ania chini siyo kuchemka bado, ni hewa tu iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji inatoka. Subiri yale mapovu makubwa yanayozaliwa chini na kupanda mpaka juu, yale ndani yake ni mvuke wa maji yenyewe. Na povu likitaka kuishi lazima mvuke wake usukume kwa nguvu ya kutosha kuishinda hewa iliyotukalia juu, la sivyo linabanwa linapotea.

Kwa hiyo hewa ikipungua, kama unapopanda mlimani, kazi inakuwa rahisi. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100, Nairobi kama 94 hivi, na kule kileleni Kibo, Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu 80 tu. Yaani yanatokota kabisa mbele ya macho yako ila maharage yamegoma, utachochea moto mpaka ukate tamaa. Presha kuka inafanya kinyume, inaubana mvuke mpaka maji yafike kama 120.

Na nyie wa mkaa, yakishaanza kuchemka punguzeni moto, joto halipandi tena, moto wote unaishia kutengeneza mvuke, na mvuke ni ghali! Kilo moja ya maji kuitoa nyuzi 25 mpaka 100 inataka kilojuli 315 hivi, kuimaliza yote iwe mvuke ni 2,260 nyingine, mara saba na zaidi.

Ndo maana mimi huwa nafikiria chumvi. Uvinza, kule Kigoma, zamani walichemsha maji ya chemchemi kwenye vyungu, kuni kwa kuni, pwani wanajaza maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi wanaliachia jua na upepo. Kazi ni ileile, maji yaondoke chumvi ibaki, ila kule mtu alikata kuni na huku anasubiri siku kadhaa akiomba mvua isinyeshe.

Haya, yule kijana wa pale dirishani, uliza.