Dawa ikikupa nafuu haraka hivyo, shtuka kwanza

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nimeombwa niongee kuhusu dawa feki na najua hapa Mbagala ukitaja dawa feki watu wanawaza kidonge cha unga wa muhogo, unameza hupati kitu. Ipo hiyo. Ila mimi leo nataka niwaogopeshe na ile inayofanya kazi, tena vizuri tu.

Kuna mama kaja dukani kwangu, magoti yamemtesa miaka, akanunua kwenye daladala unga wa mizizi, kakopo keupe, lebo imebandikwa upande, eti haina kemikali. Siku ya tatu anapanda ngazi mwenyewe! Akatumia miezi. Sasa uso umejaa umekuwa duara, ngozi akijigonga kidogo tu inavilia damu, na sukari iko juu wakati hakuwahi kuwa nayo. Mizizi gani hiyo? Dawa za namna hii zikipimwa, mara nyingi wanakuta kumesagiwa deksamethasoni, steroidi kabisa ya hospitali, ndo hiyohiyo dada zetu wanameza wanenepe, mnacheka lakini mnaijua.

Na kina kaka msicheke sana zamu yenu inakuja. Ile kahawa ya nguvu za kiume, "nusu saa tu". Mimi famasi nimesoma, mzizi wa nusu saa sijauona bado. Zikipimwa inakutwa sildenafili, yaani ile ya kwenye Viagra, haijaandikwa popote, sasa mzee anayetumia dawa za moyo za naitrati akinywa hiyo presha inaporomoka, anaweza asiamke.

Malaria nayo, ukipata mseto yenye dawa nusu homa inashuka kidogo unajiona umepona, kumbe vimelea vigumu ndo vimebaki, unavigawa kwa jirani kupitia mbu. Shirika la Afya Duniani 2017 walisema katika nchi zenye uchumi kama wetu, kama bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni feki au chini ya kiwango. Na Gambia 2022 zaidi ya watoto 60 walikufa figo zimefeli, ikahusishwa na sirapu za kikohozi zenye diethilini glaikoli, hiyo ni sumu ya viwandani. Boksi zilikuwa safi tu, kwa hiyo msidhani macho yanatosha.

Mama pale nyuma kauliza, kakopo kake akatupe? Usitupe mama. Kalete na lebo yake hivyohivyo tuwapelekee TMDA, wale wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na kama umekatumia muda mrefu usiache leo ghafla, mwili ukizoea steroidi unasahau kutengeneza ya kwake, unaweza kuzimia jikoni. Nenda kwa daktari na kakopo mkononi, akupunguzie taratibu. Usione aibu, mwambie ulinunua kwenye daladala.