"Mwalimu, nimetoka vibaya"

Haya jamani, habari za saa hizi, ahsanteni kwa kuja, walio nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Nimeombwa niongelee picha za sura na wanafunzi, yaani kijana anajionaje pale anapopigwa picha, na mimi kazi yangu ni kufundisha kupiga picha kwa hiyo ntaongea kama mtu anayekaa na vijana na kamera kila wiki. Mambo mawili matatu ya wanasaikolojia ntayagusa kwa sababu yamenisaidia sana.

Sentensi ninayoisikia kuliko zote darasani ni hii, "mwalimu, nimetoka vibaya". Kila mwaka, kila kundi, hata yule ambaye wenzake wote wanamwambia katoka vizuri. Na kadiri miaka inavyoenda nimeanza kuisikiliza vizuri hiyo sentensi, maana Kiswahili chetu kimeficha kitu pale. Tunasema "nimetoka". Kuna mtu alikuwa ndani, picha ikapigwa, akatoka. Alafu kijana huyo huyo akikasirika zaidi anageuka kwa aliyeshika kamera anamwambia "umenitoa vibaya". Angalieni hapo. Kwenye nimetoka lawama iko kwenye sura yangu, kwenye umenitoa lawama imehamia kwako wewe mwenye kamera, na kijana anaruka kati ya hayo maneno mawili ndani ya dakika moja. Mimi naona kazi yote ya picha za sura darasani iko hapo katikati. Nani kanitoa, na mimi mwenyewe nilikuwa na sauti gani kwenye kutoka kwangu.

Lakini kwanza tutoe njiani sababu za kawaida kabisa, kwa sababu vijana wengi wanabeba huzuni ambayo imesababishwa na lenzi tu.

Kuna suala la kioo. Uso wako unaujua kutoka kwenye kioo, umeuona humo asubuhi zote za maisha yako, na kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Nywele ulizolaza upande mmoja, jino lililopinda, nyusi moja iliyokaa juu kidogo ya mwenzake, vyote hivyo unavijua kwa upande wa kioo. Picha haigeuzi, inakuonyesha vile wanavyokuona wengine. Mwaka 1977 kulifanyika utafiti Milwaukee kule Marekani, wakachukua wanafunzi wa kike wa chuo kikuu, kila mmoja akatengenezewa picha mbili kutoka kwenye picha moja, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kioo, wakaulizwa unapenda ipi. Wenyewe walielekea zaidi kwenye ile ya kioo, na rafiki zao wakaelekea kwenye ile ya kawaida. Sura ni ile ile! Kila mtu alipenda ile aliyoizoea. Nikiwaeleza wanafunzi hiki kitu darasa linanyamaza kidogo, maana kumbe yule rafiki anayekwambia "mbona umetoka vizuri tu" hakubembelezi, yeye anaona mtu anayemjua, wewe ndio unaona mgeni.

Niingize kitu hapa kabla sijasahau. Zile picha za mwanzo kabisa, dageriotaipu, za kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, kwa kawaida zilikuwa zinatoka zimegeuka kama kioo. Mwaka 1839 kijana mmoja wa Philadelphia, Robert Cornelius, ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya taa, alijipiga mwenyewe, mikono kaikunja, nywele zimevurugika, anaangalia pembeni kidogo kama mtu ambaye hana uhakika kama hicho kitu kitafanya kazi. Inahesabiwa kati ya picha za kwanza kabisa za mtu kujipiga. Basi huyo alijiona vile vile alivyojizoea kwenye kioo. Sisi na simu zetu tunaonyeshwa kioo wakati tunajiangalia kwenye skrini, alafu simu nyingi ukishabonyeza zinakugeuza, ndio ule mshtuko wa nusu sekunde ambao kila mtu humu anaujua.

Umbali nao. Selfi unashika simu kama sentimita 30 kutoka usoni, na pua ndio iko karibu na lenzi kuliko masikio, kwa hiyo inakua. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba kwa umbali huo pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ingepigwa kutoka mita moja na nusu. Asilimia 30! Na kijana anarudi nyumbani anaichukia pua yake. Rudi nyuma hatua mbili, vuta zuum kidogo, au kama una kamera weka lenzi ya milimita 85, ile inayokulazimisha usimame mbali kidogo, pua inarudi mahali pake. Hili nalimaliza haraka kwa sababu dawa yake ni rahisi.

Mwanga sio rahisi hivyo na hapa naomba mnivumilie. Kamera inapima mwanga kwa kudhani kwamba vitu vyote mbele yake ukivichanganya vinatoa kijivu cha kati. Sasa muweke mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi kavaa shati jeupe la shule mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, shati linatoka safi na uso unazama, macho hayaonekani, mashavu yamekuwa doa moja. Na hii ina historia, kwa miaka mingi maabara za filamu zilikuwa zinarekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, yaani ngozi yake ndio ilikuwa kipimo cha picha kutoka sawa. Nimekuwa na mwanafunzi, binti mmoja mpole sana, kila tukipiga picha ya darasa anajificha nyuma, nilipomuuliza akaniambia kwa sauti ya chini "mimi mwalimu picha hainipendi". Hajasema hapendi picha, kasema picha haimpendi yeye, kama vile picha ni mtu aliyemkataa. Nikamkalisha pembeni ya dirisha kubwa, mwanga unatoka ubavuni, nikaweka karatasi jeupe upande wa pili lirudishe mwanga kidogo, nikapima kwenye shavu lake mwenyewe na sio kwenye shati. Alivyoiona ile picha alikaa nayo muda mrefu sana. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza tu, "hivi hizi alama ndogo za hapa juu ya shavu ninazo siku zote?"

Mnaona swali hilo. Mtu ana miaka 16 na ndio kwanza anapata nafasi ya kujichunguza bila kukimbia.

Kwa hiyo kabla hatujaongea mambo makubwa ya utambulisho na nafsi, mwalimu ana deni la kiufundi kwa mwanafunzi. Ukimpiga vibaya kwa uzembe alafu ukamwambia "jikubali ulivyo", unamwambia akubali kosa lako.

Haya, sasa tuseme kioo tumeelewa, umbali tumerekebisha, mwanga uko sawa. Bado kijana anasema nimetoka vibaya. Hapo sasa ndio kazi inaanza.

Mimi nawapa zoezi moja wiki nne mfululizo. Kila mwanafunzi anapigwa na mimi, anapigwa na mwenzake anayemchagua mwenyewe, alafu anajipiga mwenyewe kwa taima bila mtu yeyote chumbani. Baada ya hapo tunaprinti kila fremu, kila moja kabisa, ndogo ndogo kwenye karatasi moja kubwa, hakuna kufuta kitu, hata zile macho yamefumba. Wiki ya nne nzima ni ya kukaa na karatasi yako na kalamu nyekundu na kuchagua moja. Wenzangu wengine wanaofundisha wananiambia unapoteza wiki, wapige zaidi. Hapana. Mimi naamini kwa dhati kwamba kule kwenye kupiga kijana anajifunza kamera na kwenye kuchagua ndio anajifunza kujiangalia. Fremu 40 za mtu mmoja ni watu 40 wanaofanana sana, na wewe unaulizwa yupi ni wewe, alafu unatakiwa ueleze kwa nini, mbele ya mtu ambaye naye kaulizwa hivyo hivyo.

Na wanachagua vitu ambavyo sikutegemea. Kijana mmoja kachagua fremu ambayo kacheza hadi uso umekuwa ukungu, nikamwambia hii haina fokasi, akasema nyumbani wananiita wewe hutulii, sasa hapa sijatulia na nimefurahi. Mwingine kachagua ya mikono tu. Binti mmoja alikuwa anafanana na mama yake aliyefariki kwenye fremu moja tu, moja kati ya zote, kichwa kimeinama hivi, na hakuwahi kujua kwamba anafanana naye hadi siku hiyo. Alilia na sisi wote tukakaa tu naye, kipindi kikaisha hivyo.

Kuna kitu Kiswahili kinanifurahisha hapa, neno sura. Sura ni uso, na sura pia ni sehemu ya kitabu. Huwa nawaambia wanafunzi hiyo ni sura moja, usiisome kama kitabu kizima.

Sasa ntaongea kosa langu kwa sababu linahusika. Miaka ya mwanzo nilipiga picha ya mwanafunzi mmoja, picha ambayo mpaka leo nadhani ni kati ya bora nilizowahi kupiga, kijana kachoka, kaegemea mlango, macho yamebeba kitu kizito. Nikaiprinti kubwa nikaibandika ukutani kwenye maonyesho bila kumuuliza. Nilidhani namheshimu. Kesho yake hakuja, keshokutwa hakuja, siku ya tatu kaja kaniambia "mwalimu, ile umejionyesha wewe, mimi hujaniuliza". Niliitoa nikampa yeye. Tangu siku hiyo kuna sheria moja tu kwenye darasa langu ambayo haina mjadala, picha haitoki kwenye chumba bila aliyepigwa kusema ndiyo, na akisema ndiyo leo akabadilisha kesho inarudi. Uso umeumbwa na haya, wazee walisema, na haya ya mtu ni mali yake, mpiga picha haruhusiwi kuitumia kama pambo.

Mtu anaweza kuniuliza, sasa mwanafunzi akichagua mwenyewe si atachagua uongo, atachagua pozi? Hili nalipenda sana. Vijana wenyewe wanaamini kwamba picha ya kweli ni ile uliyopigwa hujui, na ukipozi umedanganya. Mimi sikubaliani. Nendeni muangalie kazi za mpiga picha Seydou Keïta, alifungua studio yake Bamako kule Mali mwaka 1948, watu walikuja wamevaa walivyotaka kuonekana, na pale studio kulikuwa na saa, kalamu, redio, suti, mtu anashika redio ambayo pengine hana nyumbani. Huyo kadanganya nini? Kaonyesha anakoenda. Na mpiga picha mwingine, Samuel Fosso, alianza studio yake mwenyewe Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, mtoto kabisa, mchana anapiga wateja, filamu ikibaki fremu chache jioni anafunga mlango anajipiga mwenyewe, leo miwani mikubwa, kesho suruali pana chini, na picha zingine anamtumia bibi yake aliyekuwa Nigeria ajue mjukuu yupo salama. Umri wa wanafunzi wangu kabisa. Pozi lake lilikuwa swali, hivi naweza kuwa huyu?

Tena kuna Frederick Douglass, alizaliwa mtumwa akatoroka mwaka 1838, akaja kuwa mtu aliyepigwa picha nyingi kuliko Mmarekani mwingine wa karne ya 19, zimehesabiwa kama 160. Karibu zote hacheki, anaangalia kwa ukali, suti safi. Aliamua makusudi, kwa sababu michoro ya wakati ule ilikuwa inawaonyesha watu weusi kama vichekesho. Ule ukali ni pozi na ni ukweli wake pia.

Kuhusu filta nina msimamo na najua wengine hamtaupenda. Siwakatazi. Kuna utafiti wa 2008 ambapo watu walionyeshwa sura zao zilizorembeshwa kidogo kidogo kwa kompyuta zikiwa zimechanganywa na ile halisi, na wengi waliitambua iliyorembeshwa kama ndio yao. Kwa hiyo kujiremba kichwani tulikuwa nako hata bila simu. Ninachowaomba wanafunzi ni waprinti zote mbili, yenye filta na isiyo nayo, waziweke pamoja wiki nzima, alafu waniambie filta imeondoa nini hasa. Mara nyingi imeondoa kitu chenye hadithi, kovu la kuanguka utotoni, madoa ya jua. Wengine wanairudisha, wengine hapana, na wote nawapa alama sawa.

Nimalizie na hii alafu tuchukue maswali. Zile karatasi za fremu zote mimi huwa nazitunza kabatini, zimefungwa, kwa ruhusa yao. Mwaka jana mwanafunzi aliyemaliza alirudi kunisalimia, akaniomba karatasi yake. Nikampa na kalamu, ya kijani safari hii, nikamwambia chagua tena. Ile aliyochagua zamani aliipita bila kusimama. Akasimama kwenye fremu moja ya pembeni chini ambayo mwenyewe aliikata kwa msalaba mwekundu hadi karatasi ikachanika kidogo, na pembeni ameandika kwa mkono wake "mbaya sana". Akaiangalia, akaizungushia duara.

Nikamuuliza imebadilika nini.

Akasema, "huyu hakuwa mbaya, alikuwa amechoka tu, ulikuwa wakati wa mitihani."

Haya, nani ana swali, yule dada wa pale mwisho naona mkono uko juu muda mrefu.