Kutoka Gallowgate hadi Mamboleo: Wimbo Ni wa Nani?

Hamjambo ndugu zangu wa Kisumu, Siaya, Kakamega, Busia na popote pale mnaponitazamia. Leo nimesimama kando ya barabara iitwayo Gallowgate, upande wa mashariki wa jiji la Glasgow, na hao mnaowaona wakipita nyuma yangu wakiwa wamejifunga skafu za kijani na nyeupe ni mashabiki wa Celtic wanaoelekea uwanjani. Mtaniwia radhi kwa kelele. Ningeweza kurekodi nyumbani kwenye utulivu, lakini kelele hizo ndizo hasa ninazotaka kuzizungumzia.

Wiki iliyopita shemeji yangu, ambaye ni mtu wa Khayega na kwa hivyo alizaliwa akiwa shabiki wa Ingwe, yaani klabu ya AFC Leopards, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba akinilaumu. Alisema kwamba watu walianza kunifuata kwa ajili ya benga na ohangla, muziki wa Waluo, kisha nikawaletea mpira wakavumilia, na sasa nimeanza kuwatilia siasa kama mtu anayetia pilipili kwenye chai. Shemeji, nimekusikia, na kwa kuwa ulinilaumu mbele ya wifi zangu wote katika kundi la familia, utaniruhusu nikujibu mbele ya watu. Mambo hayo matatu sikuyachanganya mimi. Niliyakuta yamechanganyika tangu nilipokuwa mtoto mtaani Manyatta, Kisumu, na miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza swali moja: umati unapoimba kwa pamoja, wimbo ule huwa ni mali ya nani?

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa redio pale Kondele. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimejaa nyaya, risasi ya kulehemu na kaseti ambazo nyingi zilikuwa za D.O. Misiani, yule mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania ambaye aliifanya benga iwe darasa la historia, na ambaye alikuja kufariki kwa ajali ya barabarani hapo hapo Kisumu mwaka 2006. Misiani aliimba kwa mafumbo ya wanyama, na mafumbo hayo yalimfikisha mikononi mwa polisi zaidi ya mara moja. Nakumbuka wazee waliokuja kuchukua redio zao wakisimama kusikiliza ubeti mmoja, wakitazamana, kisha wakicheka chini kwa chini bila yeyote kutamka ni kiongozi gani aliyekuwa amegeuzwa mnyama siku hiyo. Nilikuwa mdogo sana kuelewa fumbo, lakini nilielewa ile namna ya kucheka.

Spika ileile iliyotoa benga ndiyo iliyotuletea mpira. Desemba mwaka 1987, baba mdogo aliipandisha juu ya paa la kibanda ili mtaa mzima usikie Sauti ya Kenya ikitangaza fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, timu yetu ya Gor Mahia dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis ilikuwa imekwisha kwa sare ya 2-2, na hii ya Nairobi ikaisha 1-1, kwa hiyo kombe likaja kwetu kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Baba mdogo alitumia robo saa nzima kuwaeleza watu jinsi timu inavyoweza kutoka sare mara mbili na bado ikawa bingwa, ingawa wengi walikuwa wameshaanza kucheza na hawakuhitaji maelezo yoyote. Hadi leo, klabu nyingine ya Kenya haijalitwaa kombe la bara.

Kombe hilo tuliliita Kombe la Mandela, wakati Mandela mwenyewe alikuwa bado gerezani. Nilipofika hapa Glasgow, jambo la kwanza lililonisimamisha barabarani lilikuwa kibao cha uwanja mmoja mdogo katikati ya jiji: Nelson Mandela Place. Jiji hili lilimpa Mandela heshima ya uraia wake mwaka 1981, na mwaka 1986 likaubadilisha jina uwanja huo kwa sababu ubalozi mdogo wa serikali ya makaburu ulikuwa na ofisi zake hapo, ili kila barua iliyotumwa ubalozini ilazimike kubeba jina la mfungwa wao. Mandela alikuja mwenyewe kushukuru mwezi Oktoba mwaka 1993, na picha zake akicheza jukwaani katika George Square zipo. Yaani hata yeye, baada ya miaka 27 ya kifungo, alipowakabili watu waliomtetea kwa mbali, alicheza. Sasa shemeji, hapo niambie muziki umeishia wapi na siasa imeanzia wapi.

Lakini hata kabla ya kombe lile, siasa ilikuwa imeshaingia ndani ya jezi. Takriban mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru kwamba vyama na klabu viache majina ya kikabila. Abaluhya Football Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964, ikawa AFC Leopards, na herufi zile tatu zikapewa maana mpya, All Footballers Confederation, ambayo sijawahi kumsikia shabiki hata mmoja akiitumia. Luo Union ikageuka Re-Union. Gor Mahia, iliyobeba jina la mganga na shujaa wa Kanyamwa, ikaandikishwa kama Gulf Olympic Rangers ili zile herufi tatu za mwanzo zisalimike. Hebu fikirini jinsi nilivyocheka nilipohamia jiji ambalo nusu ya watu wake wanaishabikia timu inayoitwa Rangers, nami nikajua kwamba K'Ogalo, yaani Gor Mahia yetu, pia iliwahi kuwa Rangers kwa amri ya serikali.

Zaidi ya hapo, rangi zinafanana kwa namna ya kustaajabisha. Celtic, iliyoundwa mwaka 1887 na mtawa wa Kiayalandi aliyetaka kuwalisha maskini wa mtaa huu wa mashariki, huvaa kijani kama sisi wa Gor. Rangers huvaa buluu kama Ingwe. Mashabiki wa Celtic huimba nyimbo za Ayalandi na za ukombozi wake, wenzao huimba za ufalme wa Uingereza, na mechi yao inapokaribia ni heri usiulize rangi ya shati la mtu kabla hujamjua vizuri. Bunge la Scotland lilijaribu kulitatua jambo hilo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2012, ambayo ilifanya baadhi ya nyimbo na vitendo vya mashabiki kuwa makosa ya jinai. Mashabiki wa pande zote mbili, ambao hawakuwahi kukubaliana kuhusu chochote, walikubaliana kuipinga, na mwaka 2018 ikafutwa. Sisemi kwamba kila kinachoimbwa hapa ni kizuri. Zipo beti ambazo nikizisikia huvuka barabara. Nasema tu kwamba serikali mbili tofauti, moja Nairobi na nyingine Edinburgh, zilijaribu kuusafisha mpira ubaki mpira mtupu, na watu wakaendelea kuimba walichotaka kuimba.

Tofauti ni kwamba derby yetu, Gor dhidi ya Ingwe, tuliipa jina la Mashemeji. Huku hawana neno kama hilo. Nimewahi kumweleza mzee mmoja hapa kwamba sisi tunawatukana wapinzani wetu dakika tisini, kisha tunakaa nao matangani kwa sababu dada zetu wameolewa kwao na wao kwetu, akanitazama kama mtu anayesimuliwa hadithi za sungura. Mama yangu mwenyewe ni Mwidakho, katika jamii ya Waluhya. Alikuwa akinitayarishia jezi ya kijani, halafu yeye anakwenda kuketi upande wa buluu kwa sababu isukuti, ngoma ya kwao, ilikuwa upande huo, na mtu wa Idakho hawezi kuketi mbali na ngoma zile tatu zikianza kulia. UNESCO iliiorodhesha isukuti mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Waliokuja kuandika ripoti wangemwona mama yangu jukwaani, wangeiandika kwa wino mwingine.

Na kama mnadhani nazua mambo, nilifika hapa majira ya kupukutika majani mwaka 2012, nikapata kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Tarehe 7 Novemba nilikuwa nikimnywesha chai mgonjwa mmoja huku televisheni yake ikionyesha Celtic dhidi ya Barcelona, na Victor Wanyama akaruka na kufunga kwa kichwa. Celtic ilishinda 2-1. Chai ilimwagika na mzee hakujali. Wanyama, mtoto wa mchezaji wa zamani wa Ingwe, alikuwa amevaa kijani! Nilimpigia mama saa nane za usiku za Kenya kumuuliza anajisikiaje.

Sasa nirudi kwenye muziki wa jukwaani, maana ndipo shemeji aliponishika vizuri. Anasema ninawaonea wanamuziki wetu ninapowalaumu kwa kuimbia wanasiasa. Mnaijua pakruok: mtu anasimamisha muziki, anatoa pesa, anajitapa au anamsifu rafiki yake kwa maneno matamu, kisha ngoma inaendelea. Ina undugu na ile desturi ya Pwani ya kuwatunza waimbaji wa taarabu, na ni sanaa ya maneno ninayoipenda kwa moyo wote. Lakini kabla sijaondoka niliwahi kuhudhuria usiku wa ohangla ambapo mgombea mmoja alisimamisha muziki mara kumi na moja. Nilizihesabu. Nilikuwa nimelipa kiingilio cha kumsikiliza mwimbaji, nikaishia kusikiliza orodha ya madaraja ambayo mheshimiwa angejenga, huku mpiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja, akiwa ameinamia chombo chake kama mtu anayesubiri mvua ipite. Simlaumu mpiga orutu. Ana ada ya shule ya kulipa, na soko la kaseti lililomlisha Misiani halipo tena.

Zipo nyimbo zilizokwenda njia ya kinyume. Mwaka 2002, nilipopiga kura yangu ya kwanza, nchi nzima iliimba Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, neno waliloliunda kwa kulivisha bwogo, yaani kutisha, mwanzo na mwisho wa Kiingereza. Wimbo ule ulianza kama majigambo ya vijana wawili waliokataa kutishwa na maisha. Watu wakauchukua, kisha muungano wa upinzani wa NARC ukauchukua kutoka kwa watu, na mwishoni mwa Desemba mgombea wao, Kibaki, akaapishwa kuwa rais. Niliuimba hadi sauti ikanikauka kwa wiki moja. Miaka mitano baadaye, Januari mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana ambao tuliimba nao walipigwa risasi Kondele, hatua chache kutoka kibanda cha baba mdogo, na nyimbo za kampeni zilizokuwa kwenye kaseti zetu zikawa vitu ambavyo hakuna aliyetaka kuvigusa. Tangu mwaka ule sijauimba tena wimbo wa chama chochote. Bado nausikiliza, hata miguu hutikisika, ila kinywa nimekifunga.

Nyimbo za uwanjani sikuzifungia kinywa. Kule Moi Stadium, Kisumu, tulipokuwa tukiimba Gor biro, yawne yo, kwamba Gor anakuja mpisheni njia, huku moshi wa jaa la Kachok ukitupalia, hakuna aliyekuwa ametulipa, na hakuna ambaye angeweza kusimamisha wimbo ule kwa noti ya elfu moja ili asifiwe. Mtu alianzisha, nasi tukaitikia, tukichoka, basi. Ndiyo maana nikisikia watu wanaambiwa wasilete siasa uwanjani huwa najiuliza anayewaambia hivyo ana uwanja gani mwingine wa kuwapa.

Oktoba mwaka jana, 2025, jibu la swali langu nililipata kwa simu. Raila Odinga, kiongozi wa miaka mingi wa upinzani, alifariki nchini India tarehe 15, na siku iliyofuata waombolezaji walipigwa risasi Kasarani, Nairobi, katika uwanja ambao miezi miwili kabla ya hapo tulikuwa tumeishangilia timu ya taifa, Harambee Stars ya kocha Benni McCarthy. Tarehe 18 mwili ukaletwa Mamboleo, Kisumu, katika uwanja wenye jina la Jomo Kenyatta, jina ambalo wazee wa Kisumu hawalitamki bila kukumbuka Oktoba nyingine, ile ya mwaka 1969 kule hospitali ya Russia, ambako watu walipigwa risasi Kenyatta alipokuja kuifungua. Raila alikuwa mlezi wa Gor, shabiki wa Arsenal, na mtu ambaye akipewa kipaza sauti kwenye sherehe angeimba ule wimbo wa Jamaika alioutangaza Harry Belafonte, wa baharia anayeaga na asiyejua atarudi lini. Nimeishi huku zaidi ya miaka kumi, na wimbo huo siwezi kuusikiliza hadi mwisho.

Nilikuwa kazini alfajiri ile. Baba mdogo, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuwa ameingia Mamboleo tangu usiku. Nilimwomba aniwashie video nione, akakataa, akasema video inakula bando na kwamba mimi ni mtoto wa fundi wa redio, nisikilize. Akainua simu juu ya kichwa chake. Nilisikia filimbi, kilio cha wanawake, kisha sauti moja ya kijana ikianzisha wimbo wa uwanjani, ule ule wa kupisha njia, taratibu mno kuliko nilivyowahi kuusikia, na maelfu wakauitikia kama wanaoimba kanisani. Kwa mbali, sina hakika ilitoka upande gani, palikuwa na isukuti. Nilisimama katika varanda ya nyumba ya wazee nikiwa na trei ya dawa mkononi, nikafungua kinywa niitikie, na bando la baba mdogo likaisha kabla umati haujamaliza ubeti.