Ijumaa saa kumi jioni: wanahabari na kosa la kashfa

Wanafunzi wa uanahabari, hamjambo. Nitaanza na siku moja ya Ijumaa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu saa kumi jioni. Kijana aliyekuwa akiandika habari za kaunti yake alikuwa amekamatwa kwa maneno aliyoyaweka Facebook kuhusu zabuni ya barabara. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, anasubiri hadi siku ya kazi inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, basi, ni Jumatatu. Nilimkuta kituoni hana mshipi wala viatu, simu yake imezuiliwa kama kielelezo. Baada ya miezi saba kesi iliondolewa. Hakuna hakimu aliyemtia hatiani, ila kuandika alikuwa ameshaacha.

Hapo ndipo kesi ya madai, ambayo mtu anakudai fidia, na ya jinai, ambayo serikali inakushtaki, zinapoachana. Ukimchafulia mtu jina, yaani kashfa, ana haki ya kukudai, na Ibara ya 33 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kujieleza, yenyewe inatutaka tuheshimu sifa za wengine. Itakuja barua ya wakili, mtapelekana kortini, ukishindwa utalipa fidia. Inauma, lakini usiku unalala kwako.

Zamani tulikuwa na kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, tulichokirithi kwa mkoloni. Kisomeni kwa makini: kilihusu maandishi, chapa, picha, hata sanamu, lakini maneno ya mdomo peke yake hayakumo. Yaani aliyepaza sauti jukwaani alikuwa nje ya kifungu, na aliyeshika kalamu alikuwa ndani. Tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinakiuka Katiba. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikuwa amefuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoadhibu, pamoja na mengine, ujumbe wa kuudhi. Kuudhi kwa kipimo cha nani? Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au miezi mitatu, au vyote viwili.

Tulishangilia sana, nami nikiwemo. Mei 2018 ikatiwa saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao. Fungueni kifungu cha 23 kama kilivyotiwa saini: habari za uongo zinazoweza kumvunjia mtu heshima, faini hadi milioni 5, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Ni kashfa ileile imerudi kwa jina la “habari za uongo”, na miezi mitatu imekuwa miaka kumi! Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26. Februari 2020 ikavirudisha, na walalamishi wakakata rufaa.

Wenzetu wa Tanzania wamepita njia hiyohiyo. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vya kashfa vikiwemo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaiondoa jinai ya kashfa katika sheria hiyo. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo, haikuguswa na marekebisho hayo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema mwaka 2014 katika kesi ya mhariri Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mtu kwa kashfa kunapita kiasi, isipokuwa kwa mambo mazito kama uchochezi wa chuki au vurugu. Uamuzi huo ni mkubwa, nami nimeutumia mahakamani. Ila unazungumzia kifungo, na kijana wangu hakuwahi kufungwa.

Kwa hiyo someni namba ya kifungu kwenye hati ya mashtaka kabla ya kujibu lolote, huenda kilishafutwa. Na namba ya wakili iandikeni kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo inayochukuliwa kwanza.