Jinsi ya kuanza hadithi: kufuli la Zuhura

Haya jamani karibuni tena, leo tunaandika mwanzo wa hadithi, daftari hili hapa, peni hii hapa, jina la hadithi litakuja baadaye usilipotezee muda.

Mnakumbuka bibi zetu walikuwa hawaanzi mpaka waitikiwe. Paukwa! Mkikaa kimya anarudia, Paukwa! mpaka mseme Pakawa ndo anaendelea. Sasa kwenye karatasi hakuna wa kukuitikia, kwa hiyo sentensi ya kwanza ndo paukwa yako, msomaji aitike mwenyewe moyoni. Na siku hizi wengi tunaandikia simu, simulizi za Facebook na magrupu ya WhatsApp, mtu anaona mistari michache tu afu "soma zaidi", asipobonyeza ndo kaenda huyo.

Nasogeza kamera. Mwanzo wa kwanza: "Ilikuwa Jumatatu, jua linawaka, Zuhura aliamka akapiga mswaki, akanywa chai, akaenda dukani." Lugha haina kosa, ila mswaki kila mtu anapiga. Futa. Wa pili: "Zuhura aliingiza ufunguo, ukakataa. Akainama kuangalia. Kufuli halikuwa lake."

Maneno 9 tu na tayari unajiuliza nani kabadilisha... ngoja ngoja, simu imeteleza kwenye stendi. Mnaona sasa? Sawa.

Hapa sasa, hapa jamani, tulieni. Ukishapata kufuli lako mkono utataka kurudi nyuma. "Zuhura alikuwa amezaliwa kijijini, mumewe alikuwa amemfungulia duka..." USIRUDI. Mi niliwahi kuandika simulizi ya sehemu 20 kwenye grupu moja, sehemu ya kwanza mlango umevunjwa, ya pili na ya tatu nikaeleza utoto wa mhusika, watu wakaniacha mmoja mmoja mpaka dada mmoja akaniuliza, "Kaka, na ule mlango?" Iliniuma sana. Kwa hiyo narudia, usirudi nyuma mlango ukiwa bado umefungwa.

Chukua peni nyekundu, zungushia kila "alikuwa ame-" kwenye ukurasa wa kwanza, mi nikikuta zaidi ya mbili nafuta. Hadithi ya Kiswahili inasukumwa na -ka-: akavuta, akagonga, akamwita mlinzi. Afu mlinzi anasema, "Shemeji yako kaja usiku, kasema duka ni la marehemu kaka yake." Basi! Mume, msiba, ugomvi wa mirathi, vyote vimeingia na Zuhura bado kasimama palepale mlangoni na ufunguo mkononi. Hii napenda mno.

Muundo nao usikutishe. Chini ya kila sehemu andika swali linalofungwa na swali linalofunguka. Nani kabadilisha kufuli? Shemeji, limefungwa. Ana haki gani? Limefunguka, ndo sehemu ya pili hiyo. Ila lile kubwa, Zuhura atalipata duka lake, hilo usiliguse mpaka mwisho, na mi napenda mwisho urudie kitu cha mwanzo, kwa hiyo Zuhura wangu namuona dukani kwa fundi anachagua kufuli jipya.

Anayetaka nimpitie kurasa 5 za mwanzo, hiyo kazi naifanya kwa malipo, nicheki inbox. Wengine wekeni sentensi zenu 3 za kwanza kwenye komenti, nazisoma zote usiku huu, na ukirudi nyuma sentensi ya pili nitakwambia.